Atakayekutwa Harudi

12 Februari

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Najua umeshaniamkia hata kabla hujafungua bahasha, kwa hiyo tusipoteze wino.

Sisi wazima. Mama yako bado yuko zamu ya alfajiri kwenye kiwanda cha mikate, anarudi na unga mpaka kwenye nyusi. Anakusalimu sana. Goti langu la kushoto limeniwekea mgomo, la kulia linafanya kazi ya wawili. Paka wa jirani kazaa ndani ya kabati letu la vyombo, na nimemwambia jirani aje achukue ukoo wake kabla sijaanza kuwadai kodi.

Usinicheke kwa kukuandikia barua zama hizi. Masikio yangu na simu hayapatani. Halafu kwenye simu mtu anasema "salama, Bibi", kimya, na mambo yameishia hapo. Kwenye barua lazima useme kitu.

Haya, habari yenyewe. Sinema yetu imefunguliwa! Si kwa picha, hizo zimekwisha. Lile jengo nililokaa mlangoni nikichana tiketi mpaka nywele zikageuka rangi, kamati ya mtaa imelipata ili vijana wawe na pa kwenda wakitoka shule, badala ya kuzurura nyuma ya stendi na kufundishana kunywa madawa. Viti vimeng'olewa. Kuna meza mbili za mpira wa meza, cherehani, na meza ndefu ya kufanyia kazi za shule. Nesi mstaafu anayekaa ghorofa ya juu yetu, yule anayeongea kama anambembeleza mtoto alale, anakaa nao kila Alhamisi kuwaeleza habari za pombe, bangi, vidonge, na hizi dawa za kikohozi wanazokunywa kama soda. Na mlangoni wamemweka nani? Mimi, mkeo! Nani mwingine anaujua mlango ule?

Nesi alitaka kila kijana aingie, awe katika hali yoyote. Nikamwuliza, "Wewe umewahi kulinda mlango?" Akasema hapana. Nikamwambia, "Basi kaa ndani na maneno yako matamu, mlango niachie mimi." Mchoraji wa mabango ametuandikia ubao kwa rangi nyekundu: ATAKAYEKUTWA HARUDI. Akiwa na kitu mfukoni, au kinywani kunanuka, safari yake imeishia hapo. Miaka yote ya sinema nilijua nani kaficha nini na kakificha wapi. Hawa watoto wanadhani soksi ni uvumbuzi wao.

Nimewaambia wote kwamba mume wangu huko chuoni amevaa fulana ya kikundi kinachoelimisha wanafunzi wenzake mambo hayo hayo. Likizo ya Agosti utakuja kuwazungumzia, na fulana yako mwilini. Nimeshatangaza, kwa hiyo usiniaibishe.

Mkeo wa kwanza, wengine watanikuta,
Bibi


9 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa kwa mlinzi wa hosteli siku nyingi kabla haijanifikia. Nimefurahi kusikia mko wazima. Mwambie mama asibebe magunia, wapo vijana wa kazi hiyo. Na paka waache, Bibi, watoto wachanga hawafukuzwi.

Kuanzia sasa uniandikie kupitia sanduku la duka la fotokopi lililo nje ya geti la chuo. Anwani nimeiandika nyuma ya bahasha. Nafanya kazi pale jioni, na barua zao hazipotei. Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye mashine tatu, joto lake ukisimama kidogo unaiva. Wanafunzi wanakuja mbio na daftari za wenzao wanaohudhuria vipindi, wanataka kila ukurasa, hata ule wenye picha ya mwalimu akiwa na pembe. Mwenye duka ni mtu mwema. Ananiachia ufunguo.

Masomo yanaendelea. Kikundi nacho kipo. Fulana nimeifua, iko kwenye begi.

Nimecheka sana kuhusu soksi. Lakini niambie, Spidi anakuja hapo ukumbini? Binti wa fundi wa kuchomelea, usijifanye umemsahau. Mimi ndiye niliyemfundisha mpira wa meza, na kabla sijaondoka alikuwa ananifunga huku anakula ndizi. Mwambie namdai mechi ya marudiano.

Na jambo jingine, nauliza tu, maana kwenye kikundi chetu tunajadili mambo kama hayo. Huyo atakayekutwa, hana pa kujieleza? Tuseme ni mara yake ya kwanza. Tuseme alikuwa na sababu.

Nisalimie nesi.

Mjukuu wako


20 Machi

Mume wangu,

Sisi hatujambo. Mama yako kasikia ulivyomtetea habari ya magunia akatabasamu siku nzima, kwangu mimi hajatabasamu hivyo tangu wiki ya mishahara. Paka bado wapo. Usiniulize.

Sasa nieleze vizuri. Hosteli ina mlinzi, duka lina mashine. Tangu lini mashine ikapokea barua vizuri kuliko mtu? Au kuna binti hapo dukani? Kama yupo sema, nijue najiandaa kwa talaka au kwa vita.

Ukumbi umechangamka. Wamejifunza kushona mifuko, mibaya lakini inabeba. Kuna mmoja ana sauti ya kutisha, akiimba hata mashine za fundi zinanyamaza. Nesi amewaletea mazungumzo ya kuigiza: mmoja anajifanya rafiki anayekushawishi ujaribu kidogo tu, mwingine anatafuta namna ya kukataa bila kuonekana mshamba. Wanavunjika mbavu. Mwanzoni nilidhani ni upuuzi, sasa nasogeza kiti niwasikilize.

Fundi wa kuchomelea hajambo, anachomelea.

Umeuliza kama atakayekutwa ana pa kujieleza. Ng'o! Wakati wa sinema walikuwa wananililia hapo hapo mlangoni. Mmoja mama kafa, mwingine tiketi imeliwa na mbuzi. Ningewasikiliza, ukumbi mzima ungejaa watu wa bure. Sheria ni sheria, mume wangu. Nyinyi wasomi mnapenda kujadili, sisi wa mlangoni tunakata kauli.

Nesi siku hizi ananisalimia kwa kichwa tu na chai hanywi tena kwangu. Atapoa.

Bibi


2 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Mafua yalinishika nikalala chini, ndiyo maana kalamu ilinyamaza. Sasa nimepata nafuu. Hakuna binti dukani, talaka yako subiri. Mama namshukuru kwa soksi za sufu. Zimekuja wakati wake, sakafu huku ni ya baridi.

Nina habari ya rafiki yangu mmoja, nataka shauri lako. Yeye yuko kwenye kikundi chetu, naye anavaa fulana. Kwenye mitihani ya mwisho wa mwaka akaona wenzake wanakesha na vidonge, wanasoma mpaka asubuhi na macho makavu. Akajiambia ni vya masomo tu, si ulevi. Akaanza kwa wiki ya mitihani. Mitihani ikaisha, yeye hakuweza kuacha. Hebu fikiri, mchana alikuwa anawafundisha wa mwaka wa kwanza namna ya kukataa, jioni anaviweka chini ya mto wake. Msimamizi wa hosteli akavikuta wakati wa ukaguzi. Na hosteli yetu ina sheria kama yako, Bibi. Siku hiyo hiyo alitoa begi lake.

Mshauri wa wanafunzi hakumtupa. Kuna kikao chao kila Jumatano, watu wachache chumbani, kila mmoja anasema wiki yake ilivyokuwa. Anahudhuria na vidonge ameviacha, ingawa wiki za kwanza alikuwa analala kama gogo, akiamka anataka kugombana na ukuta. Mshauri anasema anaweza kurudishiwa chumba na kuendelea na masomo vizuri, lakini tarehe kumi na nane Julai atahojiwa na kamati, na lazima awe amekaa kikaoni na mtu wa nyumbani kwao. Asipokuja mtu, chuo kinamwandika ameondoka.

Yeye hathubutu kuwaambia kwao. Anaona bora aache chuo kuliko kuwatazama usoni. Je, ungekuwa wewe ndiye mtu wa nyumbani kwao, ungefanyaje?

Na hujanijibu kuhusu Spidi. Nilikuuliza habari za binti, ukanipa za baba yake.

Mjukuu wako


11 Mei

Mjukuu wangu,

Mama yako mzima, mimi mzima.

Kuhusu huyo rafiki yako, mwambie anisubiri kidogo. Sina la kumwambia leo. Leo nina la Spidi.

Spidi alikuwa wa kwanza kuja ukumbini, siku ile ya kwanza kabisa, rangi ya ubao haijakauka. Akawa anawafundisha wadogo mpira wa meza. Halafu siku moja mwezi wa pili, baada tu ya mimi kukuandikia ile barua ya majigambo, alifika akicheka ovyo, macho mazito. Nikamwambia, vua kiatu. Akasema, "Bibi, usinivulishe mbele ya watu." Nikamvulisha mbele ya watu. Kichupa cha dawa ya kikohozi kikaanguka, nusu kimekwisha. Nikamwonyesha ubao, nikamwambia asome kwa sauti. Akasoma. Sauti ilikuwa ya mtoto, mume wangu, si ya mlevi. Kisha nikafunga mlango.

Nesi alitoka mbio kumfuata, hakumpata. Akarudi akaniambia, kwa sauti yake hiyo hiyo ya kubembeleza, "Umemtoa mgonjwa hospitalini kwa kosa la kuumwa." Nikamjibu kwamba hapa si hospitali. Tangu siku hiyo chai yangu hainywi.

Spidi sasa anakaa nyuma ya stendi, pale wanapoosha mabasi, na wale wakubwa. Shule haendi. Fundi alikuja kuniomba, mtu mzima yule, kofia ya kuchomelea mkononi. Nikamwambia sheria ni ya wote. Nikiwa nakwenda sokoni napita njia ile, na yeye akiniona anageuza uso. Nimeanza kupita njia ya mbali. Na goti hili!

Sikukujibu kwa sababu sikutaka ujue. Nilitaka uje Agosti ukute bibi yako ni shujaa.

Bibi


24 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Nawaombea uzima, wewe na mama.

Barua yako nimeisoma nimesimama, karatasi za watu zikiendelea kutoka kwenye mashine mpaka zikamwagika chini. Nimemwonea huruma Spidi, na nimekuonea huruma wewe. Sasa naandika kabla sijajirudi.

Rafiki yangu ni mimi, Bibi. Hakuna rafiki. Vidonge ni vyangu, mto ni wangu. Nilitolewa hosteli mwezi wa pili. Barua yako ya kwanza mlinzi alinipa nilipokwenda kuchukua kitabu nilichosahau chumbani, nikaifungua hapo getini na begi miguuni. Nikasoma: atakayekutwa harudi. Nalala kwenye stoo ya duka, kwenye maboksi ya karatasi. Ndiyo maana sakafu ni ya baridi, ndiyo maana nina ufunguo.

Usidhani nilisukumwa na makundi mabaya. Hao wenzangu ni watoto wa watu, wanasoma kwa bidii. Niliogopa kufeli tu. Wewe ulishauambia mtaa mzima habari za mjukuu wako wa chuo, mama anaingia zamu ya alfajiri kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa nasoma ukurasa mmoja mara nne hauingii. Kidonge kikasaidia. Hakuna aliyenitisha wala kunidanganya, mimi mwenyewe nilikimeza.

Fulana nimeirudisha kwa mshauri. Hakuipokea, akasema nikae nayo. Sijui nikae nayo kwa kazi gani.

Tarehe ya kikao ni ile ile, kumi na nane Julai. Sikuombi uje. Najua msimamo wako, na nisingependa uuvunje kwa ajili yangu baada ya kuushika kwa mtoto wa fundi. Nilitaka tu usikie kwangu. Agosti sitakuja. Waambie vijana nina mitihani.

Nisalimie mama. Usimwambie.

Mjukuu wako


20 Juni

Bibi,

Shikamoo. Sijapata barua yoyote. Kila posta ikija naangalia.

Nimeelewa. Sina kinyongo. Mwenye duka anasema naweza kubaki hapa mwaka huu, nijifunze kutengeneza mashine.

Mjukuu wako


3 Julai

Mume wangu,

Umeelewa nini wewe? Hujaelewa kitu! Hiyo kazi ya mashine mwambie mwenye duka ahsante, aitafutie mtu mwingine.

Sikukujibu kwa sababu nilikasirika. Nikalia, nikakasirika tena. Niliandika barua, nikachana. Niliandika nyingine, nikaona imejaa matusi, nayo nikachana. Kuchana karatasi ndiyo kazi yangu ya maisha yote, sikosi ujuzi. Umenidanganya miezi mitatu habari za mlinzi na mafua! Mwongo mkubwa! Halafu nikakumbuka kwamba mimi nilikuwa nakuandikia "fundi hajambo, anachomelea".

Mama yako nimemwambia, ulinikataza lakini nimemwambia. Alikaa chini na unga wake kwenye nyusi. Akaniuliza, "Ana blanketi?" Basi, hilo ndilo swali lake. Blanketi liko kwenye begi langu.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilipita tena njia ya stendi. Nikavuta ndoo tupu ya waosha mabasi, nikaigeuza, nikakaa. Spidi akaniambia, "Bibi, si ulisema harudi?" Nikamwambia nilisema, na nilisema vibaya, tena mbele ya watu, kwa hiyo nimekuja kumwomba radhi mbele ya watu. Wale wakubwa wakacheka. Spidi hakunifuata. Kesho yake nikarudi na kibao cha mpira wa meza, nikakiweka juu ya ndoo, nikaondoka. Siku kadhaa zikapita nikijua kimeshauzwa. Alhamisi nikamwona kasimama ng'ambo ya barabara, mbele ya ukumbi, kibao kwapani. Sikumwita. Nilinyanyuka kwenye kiti nikaenda ndani kabisa, nikampa mgongo, mlango nikauacha wazi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, ujue. Niliposikia mpira unagonga meza nilishindwa kugeuka.

Si kwamba amepona. Nesi anampeleka zahanati, wanakwenda wawili. Wiki iliyopita alipotea tena, nikasema tumemkosa. Jumatatu kaja na uso umevimba, sikuuliza, nikampa kiti changu akae. Ubao tumeushusha. Nesi anaandikia chaki upande wa nyuma. Siku hizi anayekutwa na kitu anakiacha kwa nesi, na yeye mwenyewe anaingia. Mimi sikubaliani na nesi kwa mambo mengi bado, lakini chai anakunywa.

Nililinda mlango nikadhani kazi ni kuwazuia wabaya. Ile ilikuwa sinema, mume wangu. Pale walikuja kwa picha, na ukimfukuza mtu anarudi kwao. Hapa niliyemfukuza hakurudi kwao. Na wewe ulisimama getini na barua yangu mkononi, ukasoma maneno yangu, ukaenda kulala kwenye maboksi. Hilo linaniuma kuliko goti, na sitaki uniambie halikukuumiza.

Nimekata tiketi ya basi, nafika tarehe kumi na sita mchana. Kamati itanikuta nimevaa gauni la kijani, lile la harusi ya mama yako. Wakiniuliza mimi nani nitawaambia mimi ni mtu wa nyumbani kwao. Agosti utakuja, na fulana, na kama hutaki kuzungumza utacheza mpira wa meza na Spidi. Anasema atakufunga huku anakula ndizi mbili.

Ufunguo wa ukumbi nimemwachia yeye, mlinda mlango anasafiri. Nimemweleza kazi yenyewe: akija mtu, mfungulie, mengine nesi atauliza.

Uje stendi mapema. Usinitafute kwenye viti vya nyuma vya basi, nitakuwa kwenye kiti cha mlangoni. Nikikuona kwa mbali nitanyanyuka mwenyewe.

Bibi